Mke Mlalamishi wa Kirongozi

Katika msafara wetu nilijulikana kwa mdomo. Wapagazi waliotoka Kayanga kwenda Isingiro, Mabira na hadi kingo za Mto Kagera walisimuliana kwamba kirongozi wao ni mtu mpole aliyepewa mke wa kumkomesha. Nililalamikia nyasi, nililalamikia upepo, nililalamikia mawe, na mume wangu alivumilia yote bila kuinua sauti. Ni kweli kabisa, nililalamika. Sasa yeye hayupo, Mungu amrehemu, nami nimekuwa bibi kizee asiyejali kuchekwa. Kwa hiyo nitaeleza nilikuwa nalalamikia nini.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyetoka pwani akiwa kijana, mama yangu Mnyambo wa vilima hivi hivi. Mume wangu naye alikuja na misafara ya pwani, na aliponioa alikuwa ameshaongoza watu kwenye njia hizi kwa miaka mingi. Sikupata mtoto. Nilipochoka kukaa nyumbani peke yangu nikihesabu miezi, nilimwambia safari ijayo nitakwenda naye. Akasema njia ni ngumu. Nikasema na kukaa ni kugumu. Akacheka, na tangu siku hiyo nikawa nabeba sufuria zangu nyuma yake.

Kazi ya kirongozi watu wanadhani ni kujua njia. Njia hata mbuzi anaijua. Kazi yenyewe ni alasiri, watu wamechoka, mizigo ya nguo na chumvi imewakata mabega, na wote wanakutazama wewe uwaambie walale wapi. Huku juu ukikosea mahali pa kulala, hutalala. Ukishuka bondeni karibu na mafunjo, mbu watakumaliza, na alfajiri utakuta mkeka wako umeloa kwa ukungu kama uliotolewa mtoni. Ukikaa juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, upepo utachukua hema na radi itakutafuta wewe. Mume wangu alitafuta ubavuni, pale ambapo kilima kinapumzika kidogo kabla ya kuendelea kushuka, mwamba nyuma na jua la asubuhi mbele. Alipenda mahali palipokuwa na mazizi ya zamani. Ng'ombe wengi walikuwa wamekufa kwa sotoka, mazizi yamebaki matupu, na yeye alisema ng'ombe halali penye unyevu wala penye upepo, basi tufuate alipolala.

Na alikuwa na sharti moja asilolivunja. Hatulali kwenye kambi ya wenzetu waliotutangulia. Hata kama wameacha vibanda vizima, hata kama mvua inanyesha. Kwenye vibanda vya zamani kuna papasi, wale kupe wa udongoni, na papasi wana homa yao. Inakushika, inakuacha ukidhani umepona, kisha inarudi. Alikuwa amezika rafiki yake kwa homa hiyo.

Nilijua macho yake yana kasoro siku alipoamkia kichuguu. Tulikuwa tunapanda, asubuhi nzuri tu, akasimama, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Shikamoo, mzee." Wapagazi wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Wao walidhani anafanya mzaha. Mimi nilikuwa mke wake, na mume wangu hakuwahi kufanya mzaha kabla ya kula.

Tulipofika kijitoni nikamfuata pembeni.

"Kilima kile unakionaje?" nikamwuliza.

"Kama kimemwagiwa maziwa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo uliopita."

"Na mimi uliniona nani, usiniambie?"

"Nilijua utalia."

"Mimi? Silii."

"Haya," akasema, akanifuta uso kwa ncha ya kilemba chake.

Miguuni alikuwa anaona. Njia ameizoea, mawe anayajua. Ila mbali kulikuwa kumeondoka, na mahali pa kulala huchaguliwa kwa mbali. Mwaka uliotangulia, mwenye mali, tajiri wetu wa Kayanga, alimwachisha kazi kirongozi mwingine kwa sababu ya macho. Alisema mbele yetu sote, tena bila ubaya wowote, "Kirongozi ni macho. Miguu ninayo ya wapagazi." Mume wangu alikuwepo. Tungekula, hilo halikunitisha, nilikuwa na shamba la mama yangu. Lakini nilimfahamu mtu wangu. Ukimweka barazani asubuhi mpaka jioni, akiwasikia wengine wanapiga ngoma ya kuondoka, asingemaliza mwaka. Niliogopa hivyo, na nilipoogopa nikawa mkali.

Alasiri ile ile nikaanza. Aliposimama na watu wakasimama nyuma yake, nikatua sufuria zangu kwa kishindo.

"Jamani, mume gani huyu!" nikasema kwa sauti. "Kulia ananipeleka kwenye mawe matupu, kushoto nyasi zinanifika kifuani na zimeloa, na pale juu penye mwamba, panapofaa mtu kukaa, hapatazami hata kidogo!"

Wapagazi wakatazama chini kwa aibu. Mume wangu akatikisa kichwa taratibu.

"Bibi, nyamaza," akasema. "Tutalala pale juu penye mwamba."

Tukaendelea hivyo safari baada ya safari. Nikisema hata kijiti cha kuchokonolea meno hakuna, anajua hakuna kuni. Nikisema nanuka jasho, anajua maji yako karibu. Nikimlilia mama yangu, anajua kuna migomba ya watu, na wapagazi wakilala hapo wataiba ndizi na kesho tutakuwa na kesi. Na tulipofika mahali pazuri hasa, pa kushusha mizigo, nilikaa chini na kusema, "Miguu yangu inaniuma." Basi anachomeka ardhini bendera ya msafara, ile anayoibeba kirongozi mbele ya watu.

Watu walimhurumia sana. Mpagazi mmoja wa chumvi, Mnyambo mtu mzima mwenye kovu shingoni, aliniita pembeni siku moja. "Mama," akasema, "mwachie mzee apumue kidogo. Unamchosha." Nilitaka kumwambia ukweli, nikameza. Nikamjibu ashughulike na chumvi yake. Nilikwenda nyuma ya kichaka nikalia kwa hasira, kwa kuwa hakuna aliyempenda mtu yule kama mimi, na mimi ndiye niliyeonekana namtesa. Yeye alipoambiwa aoe mke wa pili mwenye ulimi mfupi, alicheka mpaka akakohoa. Faraghani aliniita jicho lake la kulia. Nikamwuliza la kushoto nani. Akasema la kushoto halisemi sana.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Tulikuwa tumepita Mabira, msimu wa senene, na mvua ilitupiga tangu adhuhuri. Wapagazi hawakuimba tena. Mimi nilikuwa nimeloa mpaka ndani, meno yanagongana. Kilima kilipopinda nikaona uwanja mdogo ubavuni, umesawazika vizuri, mwamba nyuma. Na pembeni vibanda viwili vya msafara uliopita, vimeanguka, nyasi zake zimekuwa nyeusi.

Ilinipasa kusema. Ningeweza kusema najisikia kuwashwa mwili mzima, hilo ndilo lilikuwa neno letu la papasi. Mbele yetu kulikuwa na mwendo wa saa nzima mpaka ubavu mwingine. Nilitazama ile mvua. Nikakaa chini matopeni.

"Miguu yangu inaniuma," nikasema.

Mume wangu akainua uso. Akavuta pumzi. "Inauma kweli?" akaniuliza.

"Inauma kweli."

Mpagazi wa chumvi alinitazama mimi, akavitazama vile vibanda, akanitazama tena. Kisha akatua mzigo. Bendera ikachomekwa, hema likasimama hatua chache kutoka kwenye yale majani meusi, na mimi nikalala fofofo kwa kuwa nilikuwa nimechoka.

Siku ya nane baada ya usiku ule tulikuwa tumeshageuka kurudi, tumebeba ngozi na buni, na msimamizi wa mwenye mali amejiunga nasi njiani aone mali yake ikifika. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye macho makali, asiyekosa kitu. Ndipo homa ikanishika. Asubuhi nilitembea. Adhuhuri nilianguka. Wakakata miti miwili, wakafunga shuka, wakanibeba kwa machela, na mpagazi mmoja kijana naye akawa anatembea huku akitetemeka. Sikuhitaji kuambiwa homa gani.

Alasiri tukiwa tunapanda kuelekea Isingiro, msafara ukasimama. Niliinua kichwa. Mume wangu alikuwa mbele, ameshika bendera, uso ameuelekeza vilimani. Alikuwa anasubiri.

Nilifungua kinywa. Ulimi ulikuwa umekauka ukashikamana na kaakaa, na sauti niliyoitoa hata waliokuwa wamenibeba hawakuisikia. Mume wangu aligeuza uso polepole upande wangu, kisha akaurudisha. Mkono ulioshika bendera ulikuwa unapapasa ule mti, juu, chini. Nilijaribu tena. Sikuweza. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale.

"Kirongozi," msimamizi akasema kutoka nyuma, "mbona tumesimama?"

Msimamizi akaanza kuja mbele, nikasikia viatu vyake kwenye changarawe.

Ndipo mpagazi wa chumvi akautua mzigo wake chini kwa kishindo.

"Mimi silali bonde hili!" akasema kwa sauti kubwa. "Mafunjo yote haya! Mbu watanimaliza!"

"Na huko kushoto," akadakia mwingine nyuma yake, "kuna migomba ya watu. Namlilia mama yangu, jamani, namlilia mama yangu!"

"Hata kijiti cha kuchokonolea meno hakuna hapa!"

"Juu kulia kuna zizi la zamani na mwamba mkubwa, lakini sisi nani anatutazama?"

Walikuwa wanapiga kelele wote, wanaume wazima wenye mizigo mabegani, wanalalamika kama mimi, kwa maneno yangu yale yale. Mmoja alijaribu hata sauti yangu. Mume wangu alisimama wima. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Nyamazeni," akasema, na sauti yake haikuwa imetulia sana. "Tutalala juu kulia, penye zizi."

Wakapanda. Walipofika kwenye zile nyasi fupi ambazo ng'ombe walizilalia zamani, mpagazi wa chumvi akakaa chini, akanyoosha miguu yake mikubwa yenye nyufa.

"Miguu yangu inaniuma," akasema, bila kumtazama mtu yeyote.

Bendera ikachomekwa. Msimamizi akazunguka ule uwanja, akagusa udongo, akatazama mwamba, akasema mahali ni pazuri sana, ila watu hawa hawana adabu hata chembe. Ndivyo alivyomwambia mwenye mali huko Kayanga, na mume wangu akaongoza misafara miaka mitatu mingine, mpaka yeye mwenyewe alipoamua inatosha.

Lakini alasiri ile, watu walipokuwa wanasimamisha mahema, alikuja kwenye machela yangu akipapasa kwa mguu. Akakaa chini. Akachovya kitambaa majini akaniwekea kwenye paji la uso.

"Wamejua," akasema.

Nilikunywa maji kidogo, sauti ikarudi kidogo. Nikaona nikifa na lile neno rohoni nitakufa vibaya.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Siku ile ya mvua. Palikuwa na vibanda."

"Najua."

"Alikuambia nani?"

"Nyasi za kibanda zilizooza zina harufu. Pua yangu haijapofuka." Akakigeuza kile kitambaa upande wa baridi. "Nilijua kabla hujakaa."

"Na ukachomeka bendera! Wewe, na sharti lako lote lile!"

Nilikuwa namgombeza na machozi yananitoka. Yeye akainama mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na wangu, pale alipoweza bado kuniona.

"Nilisikia meno yako yanagongana," akasema. "Ulikuwa umenitazamia vilima safari ngapi, mke wangu, na siku moja tu ukataka kupumzika."