Ndiyo ya Uwanja wa Ndege

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema kwamba wazee wetu walikuwa wakiitikia "ndiyo" kwa kila kitu cha Mzungu, damu inanichemka. Ndiyo iliyompeleka shemeji yangu jela naijua vizuri. Mimi ndiye niliyeitafsiri.

Ilikuwa miaka ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, Nachingwea imejaa matrekta na Wazungu wa kaptula. Nilitoka kijijini kwetu Nandagala na cheti changu cha shule, nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya uwanja wa ndege, kwa kampuni moja ndogo iliyokuwa ikibeba barua na vipuri. Mume wa dada yangu nilimwingiza kazini mimi mwenyewe. Alikuwa mkulima wa ufuta, mtu wa maneno machache, Kiswahili chake cha sokoni, Kimwera ndicho cha moyoni. Kazi yake ilikuwa kuosha ndege na kutunza vibao viwili vyekundu.

Vibao hivyo vilibanwa mkiani ndege ikiwa imesimama, ili upepo usiyapigepige mapezi yake. Amri ilikuwa moja: havitolewi mpaka fundi Mzungu aseme. Ndege ikikimbia navyo, rubani hata avute usukani kwa mikono miwili, pua haiinuki.

Rubani naye alikuwa na kadi yake ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka. Kadi ya zamani ilipochakaa kwa jasho na mafuta, nilipiga nakala mpya mimi. Kila mstari niliujua: mafuta, breki, usukani uende huku na huku bila kukwama. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kumwambia rubani kwamba fundi akiigusa ndege katikati ya ukaguzi, aanze upya. Je, niliona kwamba haupo? Sikuona. Nilikuwa natazama herufi zisipinde.

Asubuhi ya siku ile, vibao vikiwa vimeshatolewa, rubani alikaa kitini, akasoma kadi yake kwa kidole, akacheza na usukani, ukaenda vizuri. Injini ikaanza kukohoa. Akaizima, akamwita fundi, akaenda zake kunywa chai. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo fundi akamwambia shemeji arudishe vibao. Akarudisha. Fundi akahangaika na injini karibu saa nzima, akafunga kifuniko, akaenda kunawa mikono. Kuhusu vibao hakusema neno.

Rubani akarudi ana haraka. Nilikuwa nimesimama karibu na bawa na mfuko wa barua, nikamwona kwa macho yangu akiweka kidole palepale alipokuwa ameishia. Yaliyo juu ya kidole kwake yalikuwa yamekwisha. Akawasha injini, akatoa kichwa dirishani, akamwuliza shemeji kwa Kiswahili chao kile:

"Wewe hapana toa vibao?"

"Ndiyo, bwana," shemeji akajibu kwa sauti, akasimama kungoja aambiwe atoe.

Rubani akainua dole gumba, akaondoka.

Shemeji alimkimbilia akipunga mikono yote miwili. Yule bwana alisema baadaye kwamba alidhani anaagwa. Ndege ilikimbia uwanja mzima bila kuinuka, ikaingia kwenye visiki vya pori lililofyekwa, bawa likakatika. Rubani alitoka na mguu uliovunjika. Hakufa, namshukuru Mungu, maana angekufa wangemnyonga mwenzangu.

Wazungu watatu wakakaa kuchunguza, nami nikaitwa niwe mkalimani. Rubani alisema aliuliza, akajibiwa. Fundi alisema rubani angetazama mwenyewe. Wakapeana sigara. Kisha wakamgeukia shemeji, aliyesimama bila viatu: rubani alipokuuliza kama hujatoa vibao, ulijibu nini?

"Nilijibu ndiyo."

Sasa mtu yeyote wa kwetu anaelewa. Ukiniuliza "hujala?" nami sijala, nakujibu ndiyo: ndiyo, ni kama ulivyosema, sijala. Kiingereza kinakwenda kinyume. Huko ukisema "yesi" umesema umekula. Shemeji alisema kweli tupu, akaisema kwa sauti, kwa mtu aliyeshika usukani. Aliyeuliza ndiye asiyejua alichouliza!

Nikasema, "Yesi." Kisha nikaanza kueleza: bwana mkubwa, kwa lugha yetu neno hili... Akanikata. "Tafsiri, usihutubu." Wenzake wakacheka. Nilikuwa na suruali mpya, na kiti chini ya feni, na taipu iliyonisubiri. Nikanyamaza.

Nilinyamaza! Hasira yangu kwa wale watatu ni kubwa, lakini haifiki hata nusu ya hasira niliyo nayo kwa kijana yule mwenye suruali mpya. Shemeji alinitazama mara moja tu, akatazama chini. Kesi ilikwenda kwa hakimu na karatasi ya wale watatu, yenye "yesi" yangu, shemeji akapigwa miezi sita kwa uzembe.

Juma lililofuata nililetewa kadi ya rubani niipige upya. Walikuwa wameongeza mstari mmoja chini: habari za vibao aulizwe Mzungu tu. Kuhusu kuanza upya baada ya fundi, kimya. Niliupiga mstari wao mpaka nukta ya mwisho. Mwezi ule ule niliacha kazi, kana kwamba kuacha kunasaidia chochote.

Shemeji alipotoka jela, dada yangu aliniletea salamu kwamba mumewe amerudi. Nilikwenda Nandagala kwa miguu. Nilimkuta uani ametandika mkeka, anakung'uta ufuta, mgongo umekonda. Tuliamkiana vizuri. Nilimweleza yote: feni, kicheko, ulimi ulivyoniganda. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Nilipomaliza alikuwa bado anakung'uta, nami sikuweza kuvumilia.

"Shemeji," nikamwuliza, "hujanisamehe?"

"Ndiyo," akasema, akachukua mganda mwingine wa ufuta.