Kipimajoto Kilichokufa Getini

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni asubuhi ile kipimajoto kilipozimika mkononi mwangu, watu wakiwa wamepanga foleni kutoka getini hadi barabarani, na mimi nikaendelea kupima.

Najua mzee akiketi kutoa nasaha huanza na makosa ya ujana. Hayo ninayo, na mke wangu mama Nekesa akianza kukuhadithia utacheka mpaka jioni. Lakini hili nililifanya nikiwa na mvi tayari na wajukuu wawili. Ujinga hauna umri wa kustaafu. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia umepata kibarua cha kuzunguka nyumba za Mwiki na simu ya serikali, ukiandika nani anakohoa, nani ana maji, nani ana mgonjwa ndani, ili gonjwa lingine likija lisitukute tumelala. Ni kazi nzuri. Ndiyo maana naiogopa.

Mimi nilikuwa soja wa geti katika kiwanda kimoja cha nyuzi huko Thika. Natoka hapa Gatongora alfajiri, nafika kabla king'ora hakijalia. Kazi ya soja ni kushuku, na mimi nilizaliwa nayo. Nilishuku mifuko ya kina mama wakitoka jioni. Nilishuku madereva wa lori wenye salamu ndefu. Korona ilipoingia nikashuku na redio: leo barakoa haina maana, kesho ukikosa barakoa unakamatwa. Chanjo ilipofika nilikaa miezi nikiitazama kwa jicho la pembeni. Sisemi nilikosea yote. Niliwahi kuona watu waliochelewa kafyu wakirundikwa gari moja, bega kwa bega, eti wasiambukizane, na nikajiambia mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa kulikuwa na amri, na amri hiyo naisifu hadi leo. Kiwanda kisifunguliwe bila kumpima kila mfanyakazi joto getini na kuliandika kitabuni. Mwenye homa arudishwe nyumbani, na kazi yake isiguswe mpaka apone. Nikapewa kipimajoto, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, ambacho watu walikiita bunduki. Nikapewa na kitabu kikubwa chenye mistari. Wiki za kwanza nilifanya kazi kwa bidii, na niliwarudisha watu wanne. Meneja hakupenda. Alianza kupita getini asubuhi na kusimama nyuma yangu akitazama saa.

Ndipo bunduki ikazima. Nilibonyeza, kimya. Nikaipigapiga kwenye kiganja, kimya. Nikamwendea meneja.

"Mzee, wewe andika tu," akaniambia, macho yake yakiwa kwa simu. "Hawa watu wako fiti, si unawaona? Betri nitaagiza."

Ungenijua siku hizo, mwanangu, ungesema baba Nekesa hawezi kukubali neno jepesi namna hiyo. Nilikubali. Nilirudi getini nikaelekeza ile bunduki iliyokufa kwa watu mmoja mmoja, na nikaandika. Thelathini na sita nukta nne. Thelathini na sita nukta mbili. Nilikuwa makini zisifanane, maana mtu akiona namba moja ukurasa mzima atashuku. Unaona jinsi nilivyokuwa fundi? Siku ya kwanza nilifikiria kila namba kabla ya kuiandika. Siku ya tano sikuhisi kitu. Betri haikuja, na mimi niliacha kuiulizia.

Wiki ya pili akaja Nyambura kwenye foleni. Huyu alikuwa jirani yangu wa ploti, alikuwa kwenye mashine za kukunja nyuzi, na alimlea mama yake mzee, Cucu Wambui, katika chumba cha pili kutoka changu. Hakuwa mtu wa kutafuta visababu. Alisimama mbele yangu amejifunga leso juu ya sweta.

"Baba Nekesa, nipime poa leo," akasema. "Tangu usiku naskia baridi. Kama niko na homa niandikie nirudi, nisiende kumwambukiza mtu huko ndani."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu: hiki kitu hakifanyi kazi, Nyambura, rudi nyumbani. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu sitini, na ningemwambia mmoja wangesikia wote, na wote wangejua kwamba siku kumi nimekuwa nikiwachezea mchezo. Nikaona aibu yangu kubwa kuliko homa yake. Nikainua bunduki, nikaielekeza kwenye paji lake, nikatulia kama mtu anayesoma.

"Thelathini na sita nukta nne," nikasema. "Uko sawa."

Akashusha pumzi. "Basi ni uchovu," akasema, akaingia kazini.

Aliingia hivyo siku tatu. Siku ya nne hakuja.

Wiki hiyohiyo wakaja maafisa wawili wa serikali kukagua. Niliwashuku tangu waliposhuka kwenye gari. Viatu vyao havikuwa na vumbi la Thika. Wakaomba kitabu. Nilijua watagundua, na moyoni, Mungu ananisikia, nilitamani wagundue. Wakafunua kurasa, wakatabasamu. Mmoja akasema hajaona kitabu safi kama hicho tangu waanze kuzunguka. Akanipa mkono, enzi zile za kutopeana mikono. Siku chache baadaye tangazo likabandikwa getini kwamba kwa kuwa vitabu vya viwanda vya hapa havionyeshi homa, mashine zinaweza kusogezwa karibu tena na zamu zirudi kama zamani. Nililisoma mara tatu. Mimi niliyemshuku kila mkubwa aliyesema redioni, nilikuwa nasoma amri ya wakubwa iliyotoka kwenye kalamu yangu ya bei ya chini.

Watu waliugua mle ndani baada ya hapo. Wangapi waliugua kwa sababu yangu, sijui na sitajua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumapili nikaenda kumjulia hali Nyambura. Zahanati ilikuwa imemwambia akae nyumbani ajitenge, na kwa kuwa vipimo vilikuwa haba, hakupewa karatasi yoyote. Nilisimama mlangoni na barakoa yangu. Alikuwa kitandani, amekonda, akizungumza kwa vipande.

"Baba Nekesa," akaniuliza, "ile bunduki si ilisema niko sawa? Ama ni mwili wangu ndio muongo?"

Mwanangu, nimetukanwa maishani. Nimewahi kupigwa na wezi. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama swali hilo. Mwanamke mwaminifu alikuwa ameamini namba yangu kuliko mifupa yake mwenyewe.

Nilipoondoka pale mlangoni nilimkuta Cucu Wambui ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapepeta maharagwe. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Aliendelea kupepeta hadi nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Wewe hukuamini redio," akasema. "Hukuamini sindano. Hata maji ya mfereji wewe huchemsha mara mbili, najuanga. Sasa hii kalamu yako uliiamini kwa nini?"

Akasema tena, polepole, "Msichana wangu yuko huko ndani. Enda utengeneze."

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Miaka yote nilikuwa nimesimama getini nikipekua watu, na hakuna siku niliyojipekua mimi.

Unadhani nilikwenda kesho yake? Sikwenda. Niliogopa kazi yangu. Nilingoja mpaka Nyambura aliporudi, bado anahema, akaambiwa ameachishwa kwa kutoroka kazi. Alipojitetea kwamba alikuwa mgonjwa, wakafungua kitabu mbele yake. Siku tatu za mwisho: mzima, mzima, mzima. Ile amri nzuri ya kulinda kazi ya mgonjwa ilikuwapo, lakini kitabu kilisema hakuwahi kuugua. Alitoka ofisini akiwa na barua mkononi, akapita getini, akanisalimia vizuri kabisa. Aliponipa kisogo ndipo nikaichukua bunduki mezani, nikamwita arudi, tukaingia pamoja.

Nikabonyeza mbele ya meneja na karani. Kimya. "Betri imeisha jana," meneja akasema haraka. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikamwaga betri juu ya meza. Zilikuwa zimevuja, zimeota kutu ya kijani, zimeshikamana. Betri haifanyi hivyo kwa siku moja, na kila mtu mle ndani alijua. Karani akauliza, "Sasa hizi namba zote aliandika nani?" Nikasema ni mimi, na aliyeniambia niandike ni huyu.

Nyambura alirudishwa kazini. Mimi niliambiwa nisirudi kesho, na meneja yuko pale hadi leo, kwa hivyo usiniulize kama haki ilitendeka. Nyambura alikaa mwezi mzima bila kunisemesha. Kisha siku moja akaniletea maharagwe ya mama yake kwenye bakuli, akasema, "Ungeniambia pale foleni, baba Nekesa." Ni hayo tu, na ni kweli.

Lakini sikuishia hapo. Nilikwenda hadi ofisi ya wale maafisa kuwaambia kwamba kitabu walichokisifu ni uongo. Nilimkuta kijana mpole mwenye kompyuta. "Mzee, hizo zilishaingia kwa ripoti," akaniambia. "Na ripoti ilishaenda juu." Nikamwambia basi zishushwe. Akanitazama kwa huruma, akaniambia hajui zinashushwa vipi. Huko juu ziko mpaka sasa, mwanangu. Wakiketi kupanga tutafungiwa lini na kufunguliwa lini gonjwa lijalo, huenda Nyambura yumo katika hesabu zao akiwa mzima, nukta nne.

Kwa hiyo nikusihi hivi. Serikali ikikupa namba, ishuku. Una haki, na nchi isiyo na watu wa kuuliza huoza kimyakimya. Uliza nani aliipima, uliza kipimo kilikuwa kizima, uliza mpimaji alikuwa anamwogopa nani. Ila ukishamaliza kuuliza ya wakubwa, geuka ujiulize wewe, maana kikulacho ki nguoni mwako. Mlango wa Mwiki ukibisha na usifunguliwe, usiandike kwamba ndani ni wazima. Acha pengo. Nimesikia hiyo simu yenu haikubali pengo, inadai ujaze ndipo uendelee. Basi isimame hapohapo, uandike kwenye daftari lako, umpelekee mkubwa wako, na akikuita mjinga umwambie umetumwa na mjinga mkubwa zaidi. Pengo litamfanya mtu arudi kuuliza. Namba ya uongo itamfanya aende zake akiwa ameridhika.

Na mtu akikuambia anasikia baridi, mwamini kwanza yeye.

Ile bunduki waliniachia, hawakuitaka tena. Nimeifunga kwenye leso na kuitia ndani ya mkoba wako, usishtuke ukiiona. Nenda sasa, watu wa Mwiki huamka mapema. Mungu akufungulie milango yote utakayobisha, aukaushe wino wako kila unapotaka kudanganya, na akupe jirani wa kukuuliza swali ambalo huwezi kulijibu, kabla hujachelewa kama mimi.