Puto la Mama Neema

Admin, jina langu lifiche, ila kisa usikipunguze. Mimi ni bibi wa miaka themanini na moja, Mrundi, niliyefundisha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Sydney. Naishi Guildford, mtaa wa hapa Sydney, kwa mjukuu wangu. Moyo wangu umechoka, na daktari ameniambia wazi nisitarajie miezi mingi.

Kuna mgane mmoja Mkongo, nimwite Papa Elia. Hunipeleka kliniki Liverpool, hapa hapa Sydney, kwa gari lake, na zamani kila mara alimpitia rafiki yangu Mama Neema, mjane wa miaka sabini, eti aje anishike mkono kwenye ngazi. Mimi nilikaa mbele, nikajiona ndiye ninayefuatwa. Sikujiuliza kwa nini kioo cha dereva kilielekezwa kiti cha nyuma alikokaa Mama Neema.

Siku ya birthday ya mjukuu wangu, vijana walicheza uani mchezo walioutoa mtandaoni kwa Wamarekani weusi. Wasichana husimama mstari, kila mmoja na puto na pini. Kijana hupita mbele yao. Usipomtaka, unapasua puto lako. Wakakataana mbele ya watu bila haya, wakicheka. Enzi zetu posa ilikataliwa kwa barua, tena ya heshima.

Kisha mjukuu wangu akapiga makofi. "Sasa zamu ya mabibi! Papa Elia, tembea!"

Tulisimama wajane wanne. Papa Elia akaweka kola sawa, akapita kama bwana harusi. Wawili wakapasua papo hapo. "Wewe Papa unakoroma mpaka kanisani!" mmoja akamtania. Tukabaki mimi na Mama Neema. Alikuwa amelikumbatia puto lake kama mtoto mchanga, pini ameiangusha kwenye majani. Naye Papa Elia alimtazama yeye tu.

Nikajifanya nayumba, nikamwegemea Mama Neema. Pini yangu ilikuwa kiganjani. Puto lake likapasuka.

"Aiii, Mama Neema amekataa!" vijana wakashangilia. Papa Elia alicheka, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Haya, Mama. Nimesikia." Mama Neema akafungua mdomo, akaona macho yote yako kwake, akainama kuokota vipande vya puto. Angejitetea vipi mbele ya watoto wa kanisa?

Nami nilibaki na puto langu zima. Papa Elia akanishika mkono kwa heshima, akaniita mama yake.

Tangu siku hiyo hampitii tena. Mama Neema huja kwa basi kila asubuhi, ananiosha na kuninywesha uji. Juzi, akinipaka mafuta miguuni, aliniuliza, "Dada, lile puto lilipasukaje? Mimi sikuligusa."

"Ni jua," nikamjibu.

"Basi Mungu hakutaka," akasema, akaendelea kunipaka.

Nikimwambia, huenda asirudi, nami naogopa kufa nikioshwa na mtu nisiyemjua. Nisipomwambia, nitawaacha watu wawili wapweke, kila mmoja akidhani mwenzake hamtaki. Na baya zaidi nalikiri hapa: hata sasa nikiingia kwenye gari lile, nageuka kutazama kiti cha nyuma, na kikiwa kitupu nafurahi.

Kesho asubuhi atakuja na beseni lake. Wanangu, nielekezeni: nimwambie akiingia tu, au nimwache kwanza amalize kuniosha?