Ngara tulivyokuwa wa kwanza kwa usalama barabarani, na nilivyotumwa Biharamulo kumfundisha karani wa mwisho

Wakuu, heshima zenu.

Juzi humu ndani niliona watu wanatukanana kuhusu nchi ipi ina barabara salama kuliko nyingine. Mmoja kaleta orodha, mwingine kaleta orodha yake, wa tatu anajisifu kwamba sisi tumewapita majirani. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Nina sababu ya kucheka. Kuna kipindi orodha za namna hiyo nilikuwa nazitengeneza mimi, na kituo changu ndicho kilikuwa cha kwanza. Majina nimebadilisha. Mambo yenyewe ndiyo hayo hayo.

Mimi ni Mhangaza wa Kanazi, wilaya ya Ngara. Wakimbizi walipoanza kumiminika kupitia mpaka wa Rusumo nilikuwa nimemaliza form four, nipo nyumbani nalima maharage na mzee wangu.

Ambao hamkuwepo, jueni hivi. Kabla ya hapo gari likipita kwetu mlikuwa mnatoka nje kuangalia ni la nani. Ghafla barabara ikajaa malori ya mahindi, ya maji, ya mahema, na Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu kama fimbo za kuvulia samaki. Mtu yeyote mwenye Kiingereza cha kuombea maji alipata kazi.

Mimi nilipata ukarani wa usafirishaji kwenye shirika moja. Silitaji jina, lilishaondoka zamani.

Bosi wangu alikuwa mzungu mmoja, tumwite Viktor. Mtu mwema kabisa, sina kinyongo naye. Ila alipenda namba kuliko chakula. Shirika lilikuwa na vituo katika nchi kadhaa, na kila mwisho wa mwezi kila kituo kilituma idadi ya ajali kwa redio call. Makao makuu wanachukua ajali zako, wanagawa kwa kilomita ambazo magari yako yametembea, halafu wanavipanga vituo vyote kuanzia kilicho salama zaidi hadi cha mwisho.

Kilomita tulikuwa nazo nyingi mno. Ajali tulikuwa nazo sifuri.

Na sifuri, wakuu, igawe kwa chochote unachotaka, inabaki tamu vile vile.

Siri ilikuwa kwenye fomu. Juu kabisa iliandikwa ajali ni nini: tukio linalofanya gari la shirika lishindwe kuendelea na safari kwa zaidi ya saa moja. Basi. Lori likilala mtaroni, ajali. Lori likimrusha mtu mtaroni kisha likaendelea na safari, hiyo si ajali. Na malori yetu yalikuwa na bampa za chuma, yalikuwa hayashindwi kuendelea na safari.

Mnadhani nililiona hilo? Sikuliona. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina meza, nina kalamu mbili mfukoni. Niliona fomu.

Tulishika nafasi ya kwanza miezi mitatu mfululizo. Viktor akatuchinjia mbuzi, kila mfanyakazi akapewa fulana mbili zenye maandishi ya kusifu usalama wa Ngara. Nyama nyingine nikafunga, nikapeleka Kanazi na fulana moja ya mzee. Mzee alikuwa anachechemea, mama akasema ameanguka na baiskeli kwenye mteremko. Nikampa pole, nikamwambia awe mwangalifu, barabara ina mambo.

Yaani mimi, mtaalamu wa usalama, nikamwambia hivyo.

Sasa kila orodha ina wa mwisho. Wetu alikuwa Biharamulo. Jirani kabisa, barabara ile ile, malori yale yale, na wakati mwingine hata dereva yule yule. Akiwa upande wetu ni malaika, akishavuka kuingia upande wa Biharamulo anakuwa muuaji. Ofisini tulikuwa tunacheka kwamba huko lazima pana mapepo.

Viktor hakucheka. Alikuwa anasimamia wilaya zote mbili, na ile nafasi ya mwisho ilimnyima usingizi. Akaniita.

"Rafiki, nenda Biharamulo. Kamfundishe yule karani namna ya kujaza fomu kama wewe."

Nikapewa gari na dereva. Wakuu, nilivaa na tai.

Karani mwenyewe alikuwa mama wa makamo anaitwa Consolata. Wazazi wake walitoka Burundi na wimbi la zamani, wakapewa mashamba, yeye akakulia hapo hapo Biharamulo. Aliwahi kuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama ile tai.

"Kalibu mwarimu," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Nimeambiwa unakuja kunifundisha kuhesabu."

Nikafungua fomu, nikaanza kumweleza maana ya ajali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akatoa daftari lake. Ukurasa mzima alikuwa amechora mistari kwa rula na kuongeza sehemu ambayo kwenye fomu haikuwepo. Juu yake ameandika neno moja: WATU.

Chini yake majina. Jina, kijiji, ameumia wapi, yuko hai au amefariki, na kama amefariki, baada ya siku ngapi. Alikuwa anapanda baiskeli anapita kwa mabalozi wa nyumba kumi, mmoja mmoja, anauliza.

"Dada, haya hayatakiwi," nikamwambia. "Ndiyo yanayowaweka mkiani."

"Sawa. Tuende kijiji cha Nyamigogo, ukanionyeshe pale pale ambavyo ningepaswa kuandika."

Nyamigogo tukafika kwa mzee mmoja anaitwa Kagoma. Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, mguu mmoja ameunyoosha. Haukunjiki tena. Lori lilimpitia akiwa amejitwisha mzigo wa mihogo.

Nikauliza, kwa sauti yangu ya ofisini, kama gari lilisimama.

"Siku hiyo halikusimama," akasema mzee Kagoma. "Kesho yake walirudi."

Nikapumua. Nikasema angalau walikuja kumwona mgonjwa.

"Hapana. Taa yao ya mbele ilikuwa imeangukia kwenye migomba yangu. Waliifuata. Tuliwapa."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesimulia habari ya jirani aliyekuja kuchukua jembe lake. Yule mama mkewe akaongeza kwamba walishukuru sana.

Consolata akanigeukia, daftari liko mkononi. "Haya mwarimu. Taa ninayo sehemu ya kuiandika, ni kifaa kilichoharibika. Huyu mama nimwandike wapi?"

Nikasema nitauliza.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu, na sipiti kando.

Niliporudi Ngara, Viktor alitaka ripoti ya ukurasa mmoja mchana ule ule. Ningeweza kuandika nilichokiona Nyamigogo. Nikaogopa. Nikaandika kwamba karani wa Biharamulo ana bidii, ila anahesabu matukio yasiyohusika. Viktor akasoma, akanipiga begani, akasema ndiyo, hicho ndicho nilichokuwa nahisi.

Jumamosi nikaenda Kanazi. Lile swali la Consolata lilikuwa halijaniacha. Mama alikuwa anachambua maharage uani, nikamuuliza kama mchezo tu, tangu wakimbizi waje ni watu wangapi hapa kwetu wamegongwa na magari.

Akaanza kutaja. Wa kwanza binti wa jirani, alivunjika mkono. Wa pili mzee wa kigango, huyo tulimzika, na mimi nilikuwepo mazishini na sikuuliza amekufa na nini. Akaendelea. Vidole vya mikono yote miwili vikaisha, akamwita jirani amkumbushe waliosahaulika.

Kisha akatazama kwenye migomba, ambako mzee wangu alikuwa anapunguza majani, kavaa ile fulana.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, akasema kwa sauti ya chini, "na baba yako."

"Baba si alianguka na baiskeli?"

"Alisukumwa na gari la kazini kwenu. Alitusihi tusikwambie. Alisema ukijua utagombana nao, watakufukuza."

Nikaenda kwenye migomba. Nikamuuliza mzee kwa nini. Hakuacha kukata majani.

"Siku ile ulikuja unacheka, umeleta nyama. Ningesemaje?"

Wakuu, mwezi aliogongwa mzee wangu, fomu ya Ngara ina saini yangu. Ajali: sifuri.

Jumatatu sikwenda ofisini. Nilipita Kanazi yote, nikaenda Nyamiaga, nikaenda vijiji vya kandokando ya barabara kuu, nauliza kwa mabalozi kama alivyokuwa anauliza Consolata. Wiki nzima. Ijumaa nikampelekea Viktor fomu yenye karatasi tatu zimebanwa nyuma.

Akasoma majina taratibu. Alipofika kwenye jina la ukoo linalofanana na langu akainua macho.

"Huyu ni nani?"

"Baba yangu."

Akasema samahani, na naamini alimaanisha. Kisha akasema, "Lakini unaelewa tukituma hii tutakuwa chini ya Biharamulo?"

"Naelewa."

"Kwa ufafanuzi wa fomu, hizi si ajali."

"Bosi, basi fomu imeumia zaidi ya hawa watu."

Akatoka nje kuvuta sigara. Mimi nikaingia chumba cha redio, nikasoma namba zote, moja baada ya nyingine, mpaka yule wa upande wa pili akaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Tukawa wa mwisho. Mwisho wa vituo vyote. Madereva waliacha kunisalimia, mmoja akaniambia nimewatukana mbele ya dunia. Nikaanza kufungasha vitu vyangu.

Lakini mambo ya ofisi hayana adabu. Kituo kikitoka nafasi ya kwanza hadi ya mwisho kwa mwezi mmoja, makao makuu wanashtuka. Akatumwa mama mmoja mtaalamu, mkali, haongei ovyo. Akanihoji nusu siku: barabara imebadilika nini? Madereva wamebadilika? Mvua?

Nikamwambia barabara ni ile ile, tulichobadilisha ni kuhesabu watu. Nikampeleka Kanazi, akaongea na mzee wangu. Nikamweleza kwamba mbinu si yangu, ni ya Consolata wa Biharamulo. Akaandika kwenye daftari lake.

Baada ya muda mabadiliko yakaja kweli. Matuta yakawekwa kwenye vijiji, mwendo ukapunguzwa, dereva asiyesimama akigonga mtu anafukuzwa kazi. Fomu mpya ikaletwa kwa vituo vyote, nchi zote, na ilikuwa na sehemu ya watu. Viktor alisifiwa kwa kubuni utaratibu huo, akahamishiwa nchi nyingine na cheo kikubwa. Kwenye sherehe ya kumuaga alinishukuru kwa mchango wangu mdogo.

Mimi nikafanywa mwalimu wa makarani wa fomu mpya.

Nikaomba gari, nikaenda Biharamulo kumpa Consolata habari njema. Ofisini nikamkuta mtu mwingine. Wakanielekeza nyumbani kwake.

Alikuwa shambani anapalilia. Akafurahi kuniona. Akaingia ndani, akarudi na barua, akanipa nisome. Mkataba wake haukuongezwa. Sababu ilikuwa sentensi moja: karani ana bidii, ila anahesabu matukio yasiyohusika.

Barua ilitoka wiki ile ile niliyokuwa napita vijijini kuhesabu kama yeye.

"Dada, hii sentensi..."

"Nilijua ni yako," akasema. "Huku kwetu hakuna anayeongea hivyo."

Nikamwomba msamaha pale pale kwenye matuta ya mihogo. Nikamwambia utaratibu wake sasa unatumika nchi zote, nikamwambia nitawaandikia wamrudishe. Yeye akauliza kama malori yanapunguza mwendo Nyamigogo.

"Yanapunguza."

"Haya. Njoo ule."

Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Sijawahi kula chakula kizito namna ile.

Niliandika barua kweli, na sikuandika moja tu. Mwisho nafasi ikatangazwa, Consolata akaomba. Hakuitwa hata kwenye usaili. Nilipouliza nikajibiwa kwa upole kabisa: nafasi inahitaji mtu aliyepata mafunzo ya utaratibu mpya, na huyu mama hana cheti.

Cheti chenyewe kilikuwa kinatolewa na mimi.

Nilimwandikia kimoja, nikampelekea. Akakisoma, akacheka mpaka akatoa machozi, akasema ameshapanda mihogo, hawezi kuiacha.

Sasa wakuu, somo. Sisemi kulinganisha ni kubaya. Bila kulinganishwa na wengine Ngara isingewekewa tuta hata moja. Ila mtu akija na orodha kwamba mji fulani ni salama kuliko mwingine, msikimbilie kushangilia wala kununa. Muulizeni kwanza: mtu aliyegongwa akafia nyumbani siku ya tisa, kwenu mnamwandika wapi? Huenda wa mwisho kwenye orodha ndiye peke yake aliyeshuka kwenye gari akauliza majina.

Waliokuwepo Ngara na Biharamulo miaka ile, au waliowahi kujaza fomu za aina hii mahali popote, karibuni mseme mliyoyaona. Na kama wewe ulikuwa dereva wa malori yale, wewe ndiye ninayetaka kukusikia zaidi. Sitakutukana. Mimi nilikuwa naandika sifuri.