Nilivyochimba Vibaya Gitambi

Nilikwenda Rusizi, Rwanda, kutazama sokwe. Kanisa lenye makaburi ya mauaji ya kimbari niliongeza baadaye kwenye ratiba, kwa sababu msomi hawezi kurudi Dar es Salaam na habari za sokwe peke yake. Siku ya kwanza nililizuru, nikaandika aya nzima kwenye kitabu cha wageni, kisha nikarudi kuihariri. Siku ya pili ilikuwa ya msitu wa Cyamudongo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda: asubuhi watu wote hutoka kufanya kazi ya pamoja na magari hayapiti. Dereva wangu, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na kurudi baada ya mauaji, alilijua hilo. Mimi sikulijua. Tulipofika Gitambi aliegesha kando ya shamba la migomba kabla hata hatujasimamishwa, akanieleza huku ameshika usukani. Mfungwa mmoja wa mauaji yale alikuwa amekiri kwamba dada wa mama wa dereva alifukiwa katika shamba lile. Leo watu wa umuganda wangechimba. Mama yake dereva alikuwa mgonjwa Bukavu, akingoja jibu; kwa vita vya kule simu hazikupatikana, na hakuna aliyejua daraja la mpakani lingefungwa lini.

"Papa, unisamehe," alisema. "Sokwe itabakia. Mama yangu, sijui."

Nilitazama saa. Aliniona nikiitazama.

Ili kufuta aibu nikaomba jembe. Ujanani nilipita jeshi la kujenga taifa, na huwa sikosi upenyo wa kulitaja. Nikainua, nikashusha kwa nguvu, udongo ukaruka. Shamba zima likasimama. Bibi mmoja akaja, akanishika mkono.

"Mzee, hapa hatulime. Hapa tunatafuta batu."

Ndipo nikaona wenzangu walikuwa wakikwangua kwa ncha ya jembe, kisha kwa vidole. Mwanamume mmoja akauliza kama Tanzania nzima hulima vile au ni maprofesa tu. Wachache walicheka, nami nikashukuru.

Nikapewa karai nibebe udongo. Sikuweza kutulia. Nikikaribia shimo naogopa kitakachoonekana. Nikienda mbali naogopa kitaonekana bila mimi. Dereva alikuwa amepiga magoti, miguu mitupu. Alitafuta bangili ya shaba, ambayo mama yake alisema dada yake hakuweza kuivua tangu usichana.

Kabla ya saa sita ilipatikana mifupa ya watu wawili. Bangili haikuwepo. Mifupa waliilaza juu ya mkeka, wakaifunika kwa kitenge, na dereva akashika pembe moja ya mkeka kuipeleka kivulini, taratibu, kana kwamba ni watu wake.

Umuganda uliisha, barabara ikafunguliwa. Alinawa kwa maji yangu ya chupa.

"Kesho, nyuma ya misa, batachimba ule upande wa chini," alisema bila kunitazama.

Kesho ilikuwa siku ya kunipeleka Kigali kupanda ndege. Ningependa kuandika kwamba nilijibu papo hapo. Kwanza niliuliza misa inaisha saa ngapi. Halafu nikauliza kama kuna ndege Jumanne. "Sijui," alisema, lakini swali hilo la pili nadhani alilisikia kama jibu, maana aliwasha gari akaligeuza, tukaupa msitu mgongo. Tulirudi mjini kutafuta mtu wa kuvuka daraja, amwambie mama yake kwamba bado tunachimba.