Kikapu Nilichorudi Nacho Kutoka Kampala

Mwanangu, siku niliyorudi Kisauni na diploma yangu naikumbuka mpaka rangi ya soksi nilizovaa. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha karibuni. Nilikuwa nimekaa Kampala miaka minne, mchana nasomea ualimu, jioni nachanja kuni za watu, maana baba yangu, seremala, hakuwa na uwezo wa kunisomesha. Mwenye diploma mtaani kwetu nilikuwa mimi peke yangu. Nasema hivi bila haya, kwa kuwa ni kweli.

Mbuzi alikuwa amechinjwa, majirani wamejaa uani. Nikamwamkia baba, nikampa cheti. Akakipapasa kama ubao uliopigwa randa vizuri, akanirudishia. Kisha akafungua kikapu changu, akatoa vitabu, akatoa viatu, akatazama chini kabisa.

"Kazungu, chakula cha njiani ki wapi?"

"Nilinunua stesheni, baba."

"Nakuuliza cha wenyeji wako."

Kwetu, aliyekaa na watu vizuri hufungiwa chakula siku ya kuondoka, naye hubakisha kidogo ili wa nyumbani waonje. Kikapu kitupu ni cha mtu aliyefukuzwa. Ikanibidi nikiri. Wakuu wa chuo niliwaaga kwa hotuba, tena kwa Kiingereza safi sana. Lakini Nalongo, mjane aliyenipa chumba na kunipikia miaka yote ile, sikumuaga. Niliona suti yangu mpya haifai jiko lake la moshi.

Shangazi akajaribu kuniokoa. "Mwacheni ale kwanza. Diploma haina mchuzi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Mama wa watu umemwacha akijiuliza alikukosea nini," akaniambia taratibu. "Mbuzi ataliwa na majirani. Wewe rudi ukaage."

Kesho yake nikapanda treni, daraja la tatu, na suti ileile. Nilimkuta Nalongo akimenya ndizi. Aliponiona akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha karanga za kukaanga. Siku niliyoondoka alikipeleka stesheni, akakuta treni imekwenda.

"Nilikuwekea," akasema.

Nikapiga magoti palepale jikoni, na suti yangu hiyohiyo, nikaaga. Kisha nikaenda kuwaaga niliowachanjia kuni, nyumba hadi nyumba. Kila mlango uliongeza kitu kikapuni.

Niliporudi, kikapu nilikibeba begani mwenyewe, na sijapata kutembea Kisauni kwa maringo kama siku ile. Baba akatafuna karanga moja. "Sasa umerudi," akasema.

Basi mwanangu, ukikaa ugenini, siku ya kuondoka anzia jiko lililokulisha, ofisi zitasubiri. Ukishaaga, jisifu utakavyo, hata mimi najisifu mpaka leo. Mungu akufikishe mbali kuliko nilikofika, akupe watu wa kukusindikiza, na kikapu chako kirudi kizito.