Mama Ngoie na Swali la Kuamini

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa kiti kati ya profesa na wageni. Nilikuwa mukalimani katika chuo cha dini hapa Kalemie. Sikumaliza hata primeri, lakini Kifaransa na Kiluba nilivisikia vizuri. Vijana, mujue: mukalimani haongezi chumvi. Neno linaingia kwa sikio, linatoka kwa mudomo.

Masomo yaliitwa filozofia ya dini, ni kusema kuchunguza dini ni kitu gani na ukweli wake uko wapi. Lakini mukubwa wa masomo, Ferdinand Kalunga, namutaja waziwazi, alikuwa na swali moja tu: Mungu yuko ao hayuko? Waislamu wa bandarini, na Wakristo wa kanzu nyeupe wanaosali kilimani, wote aliwauliza hilo, kisha akawarudisha kwao. Sisi tuliokimbia vita Nyunzu, tukaacha makaburi yetu bila muntu, alituita wapagani. Mupaka leo inaniuma.

Akaja profesa mupya kutoka Kinshasa, Mama Odette. Yeye alitaka kujua watu wanaishi namna gani na dini yao. Nikamuletea Mama Ngoie, mukimbizi mwenzangu, anayewawekea wafu wake unga mweupe kando ya mulango. Swahili anasikia, ila mambo ya wafu anayasema kwa Kiluba tu.

Kalunga akamurukia: “Unaamini mizimu?”

“Kuamini tena? Papa, weye unaamini mama-mukwe wako? Si unamusalimia tu. Ukikosa, anakasirika.”

Waliojua Kiluba wakacheka. Kalunga akaninong'oneza: “Mwambie profesa kwamba mama huyu hana dini. Ao utafute kazi pengine.”

Nilitafsiri jibu lote kwa Kifaransa, na mama-mukwe ndani.

Mama Odette akaweka chaki chini. “Kumbe kuna dini inayoanza na salamu? Basi swali letu lilikuwa dogo.”

Vijana, moyo ulinipiga kama ngoma ya arusi! Kalunga hakusema nami tena mupaka alipohamishiwa Moba. Aende salama, lakini sijamusamehe.

Niliacha kazi mapema. Sikio moja liliharibikia vitani, la pili likachoka. Lakini juma lililopita nilipita chuoni. Miaka yote watu wa chuo walitutukana ao walituhurumia. Kubishana nasi, hapana. Sasa Mama Ngoie amekaa mbele ya darasa, na mwanafunzi mumoja Muislamu amesimama.

“Mama, hapo sikubali. Wafu wakikasirika bure, nani atawahukumu wao?”

Mama Ngoie akavuta kiti karibu naye.

“Kaa, mwanangu. Hapo njo umeuliza swali lenyewe.”